Kigogota asiye na kelele: yuko Irangi na Imenti, na anautaka mti mkavu uleule unaoutaka wewe

Ukisikia neno kigogota, picha inayokujia ni moja tu: ndege amejibandika kwa mti, anagonga ko-ko-ko-ko kama fundi wa juakali aliyeahidi kumaliza kazi leo. Katuni ndizo zilitulea hivyo. Sasa weka hiyo picha kando kidogo. Juu kwenye msitu wa Mlima Kenya, upande wa Embu na Meru, yuko kigogota ambaye unaweza kukaa chini ya mti wake asubuhi nzima na usisikie mgongo hata mmoja. Hana muda wa kelele. Anapekua.

Jina lake la Kiingereza ukilifasiri unapata kigogota wa mistari myembamba. Kwa wataalamu ni Campethera tullbergi. Ni mdogo, kama sentimita 19 kutoka mdomo hadi mkia, hata rula yako ya shule ya msingi inamzidi. Mgongo ni wa kijani, ule wa jani lililokomaa, bila doa. Tumbo, koo na mashavu ni meupe yenye unjano kidogo, halafu yamechorwa mistari myembamba myeusi ya kukingama, mamia, kama mtu aliyechora kwa kalamu yenye ncha kali na alikuwa na wakati mwingi sana. Dume ana wekundu kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Jike wekundu wake uko kisogoni peke yake, na mbele ya kichwa ana weusi wenye vidoti vyeupe.

Kijani juu, mistari chini. Kwenye mti uliovaa ukoga na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, unaweza kumtazama moja kwa moja na bado usimwone.

Historia ya jina lake nayo ina vituko. Aliyemwingiza kwenye sayansi ni Msweden, Yngve Sjöstedt, mwaka wa 1892, na ndege aliyemwelezea alikuwa wa Cameroon. Akampa jina la Tycho Tullberg, mwanazoolojia mwenzake wa kule kwao. Wale wa Cameroon wana madoadoa kifuani, wa kwetu wana mistari, na mpaka leo wataalamu hawajaelewana kama hao ni ndege mmoja au wawili. Kitabu kimoja kinawaunganisha, kingine kinawatenganisha. Ndege wenyewe hawajaulizwa.

Kisha mwaka wa 1900, Richard Bowdler Sharpe wa jumba la makumbusho la London akawapa wale wa mashariki ya Bonde la Ufa jina la nyongeza: hausburgi. Hausburg alikuwa nani? Campbell Hausburg alikuwa jamaa ya mke wa Halford Mackinder, yule Mwingereza aliyefika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Hausburg alikuwa kwenye msafara huo. Leo ana bonde lenye jina lake kule juu mlimani, na ana kigogota. Mackinder naye akapewa bundi mkubwa wa mlimani. Msafara huo ulibebewa mizigo na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, kutoka Nairobi hadi mlimani na kurudi. Mimi sijaona ndege aliyepewa jina la mpagazi.

Turudi kwa mwili wake, maana hapo ndipo kuna maajabu.

Vigogota wengi, wa hapa na wa Ulaya, wana vidole viwili vinavyoangalia mbele na viwili vinavyoangalia nyuma. Ndege wengi unaowajua, kuku wako wakiwemo, wana vitatu mbele na kimoja nyuma. Mpangilio wa kigogota ni wa kushika gome la mti lililosimama wima. Mkia wake una manyoya magumu ambayo anayaegemeza kwa mti, kwa hivyo anakuwa kama stuli ya miguu mitatu. Na ulimi! Ulimi wa kigogota ni mrefu kiasi kwamba mifupa yake membamba haina pa kukaa mdomoni. Inazunguka nyuma ya fuvu, inapanda juu ya kichwa na kuishia karibu na paji. Akitaka kuutoa nje, anaivuta mifupa hiyo na ulimi unachomoka kama futi ya fundi cherehani.

Na ile hadithi kwamba kigogota ana sponji kichwani ya kukinga ubongo asipate kizunguzungu? Uliisoma, nami niliisoma. Mwaka wa 2022 watafiti wakiongozwa na Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walirekodi vigogota wa aina tatu kwa kamera za kasi sana, kisha wakapima mwendo wa mdomo na wa fuvu kila unapogonga. Hakuna sponji. Fuvu lote linakwenda kama kipande kimoja, kama nyundo. Na ina maana ukifikiria: nani anafunga godoro kwenye nyundo halafu anatarajia msumari uingie? Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake. Kitu kidogo kinavumilia mshtuko ambao ungekulaza wewe hospitalini.

Huyu wa Irangi ana vifaa hivyo vyote, ila anavitumia kwa upole. Chakula chake kikubwa ni sisimizi, hasa wale weusi wadogo wanaoinua mkia juu ukiwagusa, wanaojenga viota kwenye matawi. Anawala wao, mayai yao na watoto wao. Kuwapata hakuhitaji kupiga mti ngumi. Anatembea juu ya tawi, anafunua ukoga, anachungulia chini ya zile ndevu, anachokoa kidogo, ulimi unaingia, mambo yameisha. Mara nyingi utamwona katikati ya kundi la ndege wadogo wa aina tofauti wanaopita pamoja, kila mmoja akitafuta chake. Kwa hivyo ukiwa msituni na ghafla mti mzima umejaa vindege, usiangalie wale wa njano pekee. Angalia nani anapanda tawi kubwa polepole kama mtu aliyepoteza funguo.

Hapa ndipo lazima uelewe mpangilio wa Embu na Meru, la sivyo utatafuta ndege sahihi mahali pasipo sahihi. Kaunti hizi mbili ni kama ngazi. Embu inaanza chini kwenye ukame wa Mbeere, migunga na miiba, inapanda hadi mjini, inapita kahawa, inafika majani chai, halafu msitu. Meru hivyo hivyo: chini kuna Mbuga ya Kitaifa ya Meru, juu kuna Nyambene, Imenti na mlima. Kila daraja la ngazi lina kigogota wake. Kule chini kwenye joto yuko wa Nubia, ambaye anaita kwa sauti kali, mmoja anaanza, mwenzake anadakia. Yuko na wa ndevu, mkubwa, huyo ndiye mpiga ngoma haswa, mti mkavu ukigongwa naye unasikika mbali. Kwenye mashamba, kwenye migrevilea ya mpakani na hata kwenye mabua ya mahindi, yuko yule mdogo kabisa wa sentimita kama 15, ambaye Kiingereza kilimpa cheo cha kadinali kwa sababu ya kofia nyekundu. Huyo ana michirizi ya kifuani inayoshuka chini. Wa kwetu ana mistari ya kukingama. Ukishika tofauti hiyo moja, umewapita wengi wenye darubini za bei.

Wa mistari myembamba hakai shambani. Anataka msitu wa baridi, takriban kuanzia mita 1,500 na kupanda hadi karibu 3,000, na anataka miti mizee. Si kwa sababu anaheshimu wazee. Ukoga mnene na ndevu za miti huchukua miaka mingi kujikusanya tawini, na bila hivyo sisimizi wake hawana pa kujificha, yeye hana pa kupekua. Ukitoka msituni ukaingia kwenye ule ukanda wa chai ulioanzishwa 1986 kuzuia watu wasisogee, ni mzuri kwa macho, lakini kwa kigogota huyu ni kama eneo la kuegesha magari.

Miti mizee ya huko ina majina ya kujivunia. Kuna muthaiti, mti mkubwa wenye mbao zenye harufu ya kafuri, ambao upande wa Irangi ulikuwa ndio mfalme. Kuna muuru, ambao asili yake ni miteremko hii ya Mlima Kenya, na Imenti kuna mmoja mkongwe ambao watu wa Meru huenda kuupiga picha kama ni staa. Miti hii ikizeeka huoza ndani. Mwenye msumeno anaona hasara. Ndege anaona nyumba.

Kwa sababu kigogota, hata huyu asiyependa kelele, lazima achimbe mara moja kwa msimu: shimo la kiota. Na hachimbi mti mbichi ovyo. Anatafuta tawi au shina lililokauka, ambalo nje limesimama imara na ndani limelainika. Anachonga mlango wa duara, anashuka chini ndani kama chupa, haweki nyasi wala manyoya, mayai meupe yanalala juu ya vipande vya mbao vilivyobaki. Msimu ukiisha, anaondoka. Nyumba haikai tupu. Kuna ndege wengi wa msituni wanaotaka kutaga kwenye mashimo lakini hawana mdomo wa kuchimba. Baadhi ya kwezi ni hao. Nyuki nao wakipata shimo la kuwatosha wanahamia. Kigogota ni mjenzi wa nyumba za kupangisha ambaye hadai kodi.

Na ana adui asiyetarajiwa. Ukitoka familia ya wafuga nyuki kule Mbeere, unamjua mlembe, yule ndege anayekuita mpaka kwenye asali. Tunamsifu sana. Lakini ukoo wa mlembe haujengi viota. Jike anavizia shimo la mwenzake, vigogota wakiwa kwenye orodha, anataga yai na kwenda zake. Kifaranga chake kinaanguliwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, bado kipofu, na kazi ya kwanza kinayofanya duniani ni kuwauma watoto wa mwenye nyumba hadi wafe. Kisha kinalishwa peke yake. Asali ile ina mambo.

Sasa tufike kwenye kuni, maana huko ndiko wewe na huyu ndege mnakutana.

Katika misitu ya serikali, sheria ya 2005 na ile iliyofuata ya 2016 ziliwapa wanaoishi kando ya msitu nafasi ya kuunda vyama vya jamii vya misitu na kushirikiana na Huduma ya Misitu, KFS. Mwanachama analipa ada ndogo, anaingia, anatoka na mzigo wa kuni kichwani au mgongoni. Kanuni inayoeleweka na kila mtu ni moja: kuni kavu pekee, mbichi haiguswi. Inasikika vizuri. Mimi pia naiona ni ya haki kwa mama ambaye mtungi wa gesi umemshinda kujaza tena. Lakini isome tena ukiwa kigogota. Mti ambao sheria inaulinda ni ule hai. Mti ulio huru kuchukuliwa ni ule mkavu. Yaani nyumba yako ndiyo imewekwa kwenye orodha ya vitu vya bure.

Na hakuna mtu mbaya kwenye hii hadithi ya kuni, hilo ndilo gumu. Ukimwambia mtu wa Kianjokoma aliyeamka saa kumi na moja na baridi ile kwamba aache tawi kavu kwa sababu ya ndege wa sentimita 19, jiandae kwa jibu. Mimi pia ningekujibu.

Kwa wabaya, tunao wengine. Mwaka wa 1999 Huduma ya Wanyamapori, KWS, iliruka kwa ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare kuhesabu uharibifu. Walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti iliyokatwa. Kumbuka hiyo ni mizee, ile yenye ukoga, na haikuliwa na jiko la mama yeyote. Ilikwenda kuwa mbao. Kulikuwa na mashamba ya bangi katikati ya msitu, kulikuwa na tanuri za makaa, na Imenti iliumizwa vibaya. Ripoti ile ilitikisa watu, na mwaka wa 2000 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa chini ya KWS. Baadaye zikaja marufuku ya ukataji ya Februari 2018, kisha tangazo la Rais la Julai 2023 la kuiondoa kwa miti iliyokomaa ya kupandwa, na kesi mahakamani. Kelele yote hiyo ilikuwa juu ya mti ulio hai na bei yake. Mti uliokufa ukiwa umesimama hauna msemaji.

Kwa jina la Tullberg lenyewe, kuna funzo limetoka kwao. Uswidi walisafisha misitu yao vizuri sana, wakaondoa kila kitu kilichokufa, msitu ukawa nadhifu kama bustani ya hoteli. Kigogota wao mmoja, mwenye mgongo mweupe, anayetegemea miti iliyooza, alipungua mpaka karibu aishe kabisa. Leo wanawazalisha kwenye vizimba na kuwaachilia. Na wakataji wao hufanya kitu ambacho bibi yako angekiona ni wazimu: wanakata mti wakiwa wamebakiza kisiki kirefu cha mita kadhaa, makusudi, kife kikiwa kimesimama. Wanalipa gharama kurudisha kitu ambacho Irangi bado kinacho bure.

Huyu wetu hajafika huko. Kwenye orodha ya dunia hayuko hatarini, anapatikana milima kadhaa ya Afrika Mashariki. Ila ndege wa msitu wa baridi haruki kutoka mlima mmoja hadi mwingine akivuka mahindi na matatu. Msitu wa Nyambene ukiisha, wa Nyambene wameisha.

Kinachowezekana hakihitaji mkutano wa hoteli Nairobi. Chama cha msitu kina kamati na kinaandika mpango wa matumizi pamoja na KFS. Mstari mmoja unatosha: kuni zilizoanguka chini ni zako, shina kavu lililosimama lenye shimo liachwe. Mama hapotezi mzigo, kwa sababu tawi lililoanguka ni rahisi kubeba kuliko shina la kukata kwa panga. Na kijana wa hapo akijua mashimo yako wapi, ana kazi ya kuwatembeza watu, maana wapo wanaosafiri kutoka mbali kuona ndege wa mlima huu, na wanamlipa anayejua njia.

Wewe wa mtaani ukitaka kumwona, panda matatu hadi Embu, ushike nyingine ya kupitia Manyatta hadi Kianjokoma, kisha kituo cha msitu cha Irangi. Ripoti kituoni, lipa kinacholipwa, omba mtu wa chama akutembeze, maana ndovu hawasomi ramani ya simu yako. Upande wa Meru, Imenti ya juu iko karibu na mji kiasi kwamba ni aibu kuishi Meru na hujaingia. Nenda saa kumi na mbili na nusu, na sweta. Viatu vyeupe acha nyumbani. Ukiona kitu, kiingize kwenye Kenya Bird Map, ule mradi wa ramani ya ndege wa nchi nzima ambao raia wa kawaida ndio wanaojaza. Hakuna anayekuuliza cheti, na hilo mimi niliyeacha chuo katikati nalipenda sana.

Usiangalie juu muda wote, shingo itakufa. Anza chini. Ukikuta vumbi jipya la mbao, jeupe, chini ya shina kavu, usisogee tena. Rudi nyuma hatua kumi, keti, nyamaza. Baba na mama wote hulisha, kwa hivyo mmoja wao yuko njiani.